Kifua Kilichojibu kama Fenesi

Mansuri alijua kugonga kabla hajajua kusoma. Mama yake, marehemu Raya, alikuwa mnunuzi wa mafenesi hapa kwetu Kinole, na kwa kuwa hakuwa na mtu wa kumwachia mtoto, alizunguka naye mashambani. Raya hakununua fenesi kwa macho. Alisema macho hudanganyika, ganda la nje linaweza kuwa zuri na ndani hamna kitu. Alikuwa analigonga kwa vidole viwili, anainamisha sikio, kisha anasema, "Hili bado," au, "Hili tayari, likifika Kiroka litakuwa linanukia."

Fenesi bichi hujibu kwa sauti fupi na nzito, kama umegonga gogo. Lililoiva huvuma. Ndani pamelegea, pana nafasi, sauti inaingia na kurudi. Mtoto alipofika miaka sita Raya akawa anamwuliza mbele ya wenye shamba, "Mansuri, linasemaje?" Na Mansuri anagonga, anafikiri, anajibu. Miti mitatu aliyokuwa akija kuigonga ni yangu, iko nyuma ya nyumba mpaka leo, kwa hiyo habari hii sikuhadithiwa. Siku moja alilikataa fenesi langu kubwa kuliko yote mbele ya watu. "Hili limeoza katikati, bibi." Nikachukia. Nikalipasua ili nimwaibishe. Lilikuwa limeoza katikati.

Akasoma hapa hapa shule ya msingi, akaenda sekondari, akaenda chuo cha utabibu. Raya alifariki kabla mwanawe hajavaa koti jeupe. Wengi wakisoma hawarudi mlimani, wanapata sababu. Mansuri alirudi. Akapangiwa zahanati yetu, ile yenye vyumba vinne na mgomba pembeni, na wiki ya kwanza tu watu wakapata la kusema.

Maana alikuwa anagonga. Ukienda na kikohozi, anakwambia vua, anakuwekea kiganja mgongoni, kisha kwa kidole cha mkono mwingine anagonga juu ya kidole chake mwenyewe, ko, ko, ko, huku na huku, ameinamisha kichwa vile vile kama mama yake. Ana ile mipira ya masikioni shingoni, naye anaanza na vidole. Wanawake kisimani wakicheka mpaka ndoo zinamwagika.

"Jana umeenda zahanati, shoga?"

"Nimeenda."

"Amekuambia umeiva?"

Wakamwita Dokta Fenesi. Na aliyemwita hivyo kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa mdogo wangu, Sufiani. Huyu Sufiani ni mpiga chuku. Ana pembe zake tano za ng'ombe alizorithi kwa mjomba wetu, na mlima huu wote, mtu akiumwa mgongo au bega au kichomi, huchanjwa kidogo, pembe ikawekwa, damu mbaya ikavutwa. Mkono wake ni mwepesi na mimi siwezi kumnyima heshima hiyo. Alikuwa akikaa barazani kwangu anasema, "Raya aligonga mafenesi akapata riziki. Huyu anatugonga sisi atapata nini? Juisi?"

Mansuri alisikia, maana Kinole si pakubwa. Siku moja nilimwuliza kama hakasiriki. Akacheka. "Bibi, mama alinifundisha bure jambo ambalo chuoni nilikuta wanalitungia mtihani. Nikasirike nini?"

Basi, mwaka juzi, mwezi wa tisa, karafuu zikawa zinachumwa. Mwinjuma ni mtoto wa marehemu mdogo wangu wa kike, kwa hiyo ni mwanangu, sisi Waluguru hatuna hesabu nyingine hapo. Kijana mrefu, mwembamba, mchumaji hodari, ana mke na mtoto mmoja wa kunyonya. Asubuhi moja tawi lilimvunjikia. Hakuanguka kutoka juu sana, lakini alipigiza ubavu wa kulia kwenye kisiki. Akainuka, akajikung'uta, akacheka na wenzake, akaendelea kuchuma mpaka adhuhuri. Jioni akaja kwangu amejishika ubavu.

Nikafanya kama nilivyofanyiwa mimi na nilivyowafanyia wengine miaka hamsini. Nikampaka mafuta ya karafuu, nikachukua kanga mbili, nikamfunga kifua kwa nguvu, nikaweka goti nikakaza fundo. Ubavu ukiteguka hufungwa, ndivyo tulivyojua. Akalala.

Siku ya pili yake saa nne asubuhi, alikuwa ameketi kitandani, ameegemea magoti, hawezi kulala chali. Kila akivuta pumzi anakunja uso kama amechomwa na msumari. Anasema maneno matatu, anapumzika. "Mama mkubwa... fungua... kidogo." Mimi nikadhani ni maumivu tu, nikamwambia avumilie. Nikamwita mjomba wake.

Sufiani akaja na mkoba wake. Akamtazama, akasema, "Kichomi hiki. Damu imelala ubavuni kwa lile pigo." Akawasha jiko achemshe maji ya kusafishia wembe. Kwetu mjomba akisema limesemwa. Baba yake Mwinjuma alikuwapo, alikaa mlangoni kama mgeni, maana kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama.

Mimi ndiye niliyemtuma mke wa Mwinjuma zahanati. Sikumwambia Sufiani. Sijui kilichonituma, labda ni vile midomo ya Mwinjuma ilivyokuwa imebadilika rangi.

Mansuri akaja kwa miguu, ametokwa na jasho. Akasimama mlangoni kwanza.

"Shikamoo bibi. Shikamoo mzee Sufiani."

"Marahaba," alisema Sufiani bila kuinua macho kwenye jiko. "Msimu wa mafenesi bado, dokta. Umekuja mapema."

"Nimepita kumwona ndugu yangu tu, babu. Kwa ruhusa yako."

Neno hilo la ruhusa ndilo lililomfungulia mlango. Akaingia, na kitu cha kwanza alichofanya ni kufungua kanga zangu. Nikasema, "Nimemfunga mimi." Akasema, "Najua bibi, na umefunga vizuri, ndiyo maana hapati pumzi. Kifua ni kama mfuko wa mhunzi, ukiufunga kamba hauvuti." Hakusema kwa ukali. Lakini nilizikunja zile kanga nikaziweka chini ya mkeka, sikutaka kuziona.

Kisha akamtazama tu Mwinjuma akipumua. Sisi sote tulikuwa tumemtazama tangu asubuhi, na hakuna aliyeona alichokiona yeye. Upande wa kushoto ulikuwa unapanda na kushuka. Wa kulia ulikuwa umetulia, kama mtu aliyekataa kufanya kazi. Akaweka kidole, akagonga kushoto, akagonga kulia. Akarudia. Akavaa ile mipira, akasikiliza huku na huku. Akambana kidole na kile kidude chenye namba cha kupimia hewa iliyomo kwenye damu, kikasoma tisini na moja, pungufu. Akahesabu pumzi kwa saa, thelathini kwa dakika.

"Mzee Sufiani," akasema, "pafu lake la kulia limesinyaa. Si lote, sehemu. Nadhani ubavu umevunjika ukalichoma, hewa ikavuja, sasa hewa ile imekaa kati ya pafu na ukuta wa kifua, inalisukuma pafu lisitanuke. Lazima afike mjini leo, na nitakwenda naye."

Sufiani akageuka. "Wewe umeiona hewa?"

"Sijaiona."

"Basi mimi damu naijua. Nitaweka pembe tatu, kabla ya alasiri atakuwa analala."

Hapo ndipo nilipomjua Mansuri ni mtu wa namna gani. Angeweza kutuambia habari za chuo. Angeweza kutuambia hatujasoma. Yule mtoto alikuwa anazama mbele yetu na kila dakika ilikuwa na thamani, na tabibu yule akapiga goti mbele ya mpiga chuku.

"Babu, pembe zako siziingilii. Naomba jambo moja tu. Wewe umekula mafenesi ya mlima huu miaka sitini. Gonga mwenyewe."

"Nigonge nini?"

"Mgonge Mwinjuma. Anza kushoto."

Sufiani akanitazama mimi dada yake. Nikamwambia, "Gonga, unaogopa nini?" Akaja, akainama, akagonga kushoto kama anavyogonga mlango wa mtu asiyemdai. Sauti ikajibu ya kawaida, ya nyama na pumzi. Akahamia kulia, juu, chini ya mtulinga. Akagonga mara moja. Akasita. Akagonga tena. Chumba kizima tuliisikia. Ilivuma.

"Linasemaje, babu?" Mansuri akamwuliza, kwa maneno yale yale ya mama yake.

Sufiani akakaa juu ya kigoda. "Huku kuko wazi," akasema taratibu. "Damu isingevuma. Damu ingejibu kama gogo." Akamimina maji ya moto nje, akafunga mkoba wake. "Tafuteni gari."

Gari la wagonjwa lilikuwa limekwenda mjini kumpeleka mama mwenye uchungu wa kuzaa. Vijana wakataka kumpakia Mwinjuma kwenye pikipiki, katikati ya watu wawili, kama wanavyopakiwa wagonjwa wetu wengi. Mansuri akakataa kabisa. Tukampata Leonard, yule Mkatoliki anayeteremsha ndizi na mananasi sokoni kwa pikapu. Alikuwa ameshapakia. Alipoambiwa, alishusha mikungu yake yote kando ya barabara bila kuulizwa mara ya pili. Tukatandika magunia na majani ya migomba, tukamketisha Mwinjuma nusu ameegemea, mgongo umeinuliwa. Hewa ya oksijeni ya zahanati ilikuwa mtungi mmoja mdogo. Mansuri akaukumbatia safari nzima kama mtoto mchanga.

Mimi, Sufiani na Mansuri tukakaa nyuma na mgonjwa. Anayeijua barabara ile ya kuteremkia Mkuyuni sina haja ya kumweleza. Kila tulipofika mahali tambarare Mansuri aligonga kioo, Leonard akasimama na kuzima injini. Anamgonga kifuani, anasikiliza, anatazama mishipa ya shingo kama imevimba, anapapasa koo pale katikati kuona kama limesogea upande. Kisha, "Twende." Mara ya tatu Sufiani uvumilivu ukamwisha.

"Mjini tutafika Ijumaa! Kwani anabadilika kila kona?"

"Ndicho ninachoogopa, babu. Sasa hivi hewa iliyovuja inambana, lakini anaweza. Ikizidi kuingia bila kutoka, itausukuma moyo wenyewe. Hapo nina dakika, sina saa."

"Na ukizikosa hizo dakika?"

Mansuri akafungua mfuko wa koti akamwonyesha sindano nene, ndefu, imefungwa katika karatasi yake. "Itabidi nimtoboe hapa, hewa itoke."

Sufiani akashtuka kweli kweli. "Wallahi! Wewe umenikataza kumchanja ngozi, sasa unataka kumtoboa kifua?"

"Tunatafuta jambo moja mimi na wewe, babu. Wewe unavuta damu itoke, mimi natoa upepo. Ila sitaki kuitumia. Kumtoboa kabla haijalazimu, katika gari linaloruka hivi, ni kumwumiza mara mbili. Kazi yangu leo ni kujua kama bado."

Kama bado. Maneno ya Raya. Nikamwona kama anatembea na mtoto wake shambani.

Tulipopita Kiroka mtungi ukawa unakaribia kwisha, na Mwinjuma akaanza kutoka jasho baridi. Macho yake yakanitafuta. "Mama mkubwa... mtoto..." Nikamwambia, mtoto wako utamlea mwenyewe, nyamaza, okoa pumzi. Nilisema kwa nguvu kwa sababu nilikuwa nalia ndani. Zile kanga mbili zilikuwa zinanirudia. Mansuri akasimamisha gari. Akagonga. Akasikiliza muda mrefu kuliko mara zote. Mkono wake mmoja ulikuwa mfukoni kwenye ile sindano, nikauona umekaza. Akapapasa koo. Akatazama shingo. Kisha akautoa mkono mtupu.

"Bado," akasema. "Koo liko katikati. Leonard, twende, usikimbize."

Watu husifu aliyefanya. Mimi ninamsifu kwa lile ambalo hakulifanya, maana naliona lilimgharimu zaidi.

Hospitali kubwa ya mjini wakampiga picha ya eksirei. Daktari wa pale akatuita, akaiinua kwenye mwanga. Upande wa kushoto pafu limejaa mpaka ukingoni. Kulia lilikuwa limejikunja, limejitenga na mbavu, karibu theluthi imesinyaa, na pale pembeni palikuwa peusi, pana hewa tupu. Mbavu mbili zimepata ufa. Akamwuliza Mansuri, "Ulijuaje bila picha?" Mansuri akasema, "Mjomba wake ndiye aliyenithibitishia." Sufiani akatengeneza kofia yake.

Wakamchoma Mwinjuma dawa ya ganzi, wakapitisha mpira kati ya mbavu, wakauunganisha na chupa yenye maji iliyokaa sakafuni. Kila akipumua au kukohoa, mapovu yanapanda katika maji. Ile ndiyo hewa iliyokuwa imemkalia pafu, inatoka na haiwezi kurudi kwa sababu maji yameziba njia. Kabla ya kurudi zahanati kwake, Mansuri alituweka mimi na Sufiani mbele ya chupa. "Chupa hii ikae chini siku zote, chini ya kitanda alicholalia. Mpira usikunjwe, usikaliwe. Na mwambieni akohoe, avute pumzi ndefu, hata kama inauma." Tukasema tumesikia.

Tulikuwa tumesikia. Lakini siku ya pili mfagiaji alipokuja na dekio lake na maji machafu, Sufiani akaona haiwezekani. Pumzi ya mtoto wa dada yake ikae sakafuni, karibu na viatu vya watu, ipitiwe na dekio? Kwetu hata maji ya kumpa mgonjwa hayawekwi chini. Akaiinua chupa kwa mikono miwili, kwa adabu zote, anataka kuiweka juu ya kabati la kichwani.

"Baba! Shusha!" Nesi mmoja, Hosiana, alikuja mbio kutoka mwisho wa wodi. "Shusha chini! Maji yatamwingia kifuani!"

Sufiani akashusha. Maji yalikuwa yameshaanza kupanda katika mpira, yakarudi. Yule binti akakagua kila mahali, akaona salama, akashika kiuno.

"Baba, hukuambiwa?"

"Niliambiwa," alisema Sufiani. "Niliambiwa na mtu anayejua. Ni heshima iliyonidanganya."

Tangu hapo alikaa chini yeye mwenyewe, sakafuni, karibu na chupa, miguu ameikunja, saa zote za kutazama wagonjwa. Wakija wafagiaji anainuka anawapisha, anarudi. Akawa anayajua mapovu yale. Ananiambia, "Dada, leo yamepungua." Siku ya nne, saa kumi alasiri, Mwinjuma akakohoa na maji yasitoe povu hata moja. Sufiani akaruka. "Amekata pumzi! Nesi! Pumzi imekatika!" Wodi nzima ikageuka. Mwinjuma akamtazama toka kitandani.

"Mjomba," akasema, kwa sentensi moja ndefu ambayo hatukuwa tumeisikia wiki nzima, "mimi niko hapa ninakula chungwa, aliyekata pumzi ni nani?"

Tukacheka mpaka machozi. Hosiana akaeleza: mapovu yakiisha ni kwamba tundu limeziba na hewa imekwisha. Wakampiga picha nyingine. Pafu lilikuwa limerudi ukutani, limejaa. Kesho yake wakachomoa mpira, wakashona, wakamwambia asivute sigara kamwe, asibebe mzigo, asipande mti mpaka atakaporuhusiwa, na akisikia kichomo cha ghafla tena asingoje kesho.

Tuliporudi Kinole Mansuri alikuja kumpima. Akagonga kushoto, akagonga kulia, akasogea pembeni. "Babu, karibu." Sufiani akagonga bila kusukumwa. Pande zote mbili zikajibu sauti moja. Mtoto wa Mwinjuma alikuwa juu ya paja la baba yake, akaanza naye kupigapiga kifua cha baba yake kwa kiganja.

Zile kanga mbili nilizifua nikampa mke wa Mwinjuma ambebee mtoto. Sasa akija mtu amepigiza ubavu simfungi. Namketisha, namtazama pande zote mbili zinavyopanda, kisha ninamtuma kwa Mansuri. Na Sufiani bado anapiga chuku za migongo na mabega, ila akija mwenye kichomi, kwanza humgonga. Ikivuma, hafungui mkoba. Ameshawateremsha wawili mpaka kwa Mansuri. Mmoja ilikuwa kweli, mwingine alikuwa na gesi tumboni, na Mansuri alimshukuru kwa wote wawili.

Mwezi uliopita kikohozi kilimshika Sufiani mwenyewe. Nilimsindikiza zahanati. Kwenye benchi walikaa wanawake wale wale wa kisimani, wakatega masikio wote. Mdogo wangu akaingia, akavua kofia, akavua shati mwenyewe kabla hajaambiwa, akamgeuzia Mansuri mgongo mbele ya mlango ulio wazi.

"Haya, Dokta Fenesi," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Gonga. Na ukikuta nimeiva, usimwambie dada."